Sauti Kwenye Ndege ya Jangwani

Mjukuu wangu Neema,

Sisi huku Columbus, Marekani, wazima, na mama bado anafunga maboksi ghalani. Wewe waniita Bibi kwa kuwa nilirithi jina la bibi yako, nami nina miaka kumi na sita!

Unauliza kama bado naogopa kumwitikia nisiyemwona. Kule kambi ya wakimbizi tulikatazwa, tusije tukachukuliwa na mizimu.

Shule ilitupeleka makumbusho kuona mabaki ya ndege ya vita iliyopotelea jangwani. Wanajeshi wake waliita redioni, hakuna aliyewajibu, wakafa kwa kiu. Nikiwa nyuma ya wenzangu, nikasikia jina langu. Nikawaonea huruma wale.

"Abee!" nikaitika, kwa sauti ambayo darasani hawajawahi kuisikia.

Rafiki yangu Josiane akacheka. "We, una wazimu? Nani kakuita?"

Sikumwona aliyeniita. Lakini Neema, mle ndani ya ndege mtu alishusha pumzi.

Bibi yako,
Esteri