Dhahabu ya Bakuli la Kiajemi

Amu, Machi 1964

Kaka Shekhan,

Kanga zimefika salama, na mwanangu kashajitwalia moja. Paa la jikoni limezibwa.

Lile bakuli la Kiajemi unalotaka kumuuzia Mzungu nililitoa kidakani pale ukutani Mama alipougua. Kila asubuhi mwalimu huandika aya ndani yake kwa zafarani, nami huziosha kwa maji ya marashi, Mama akanywa kombe lake. Kwa kuoshwa huko, maua ya dhahabu yamefutika. Mwambie mnunuzi wako Mama ameyanywa.

Jana hakuweza kumeza. Jirani alipobisha hodi, Mama akauliza, “Ni Shekhan huyo?” Nikamjibu ndiye, amekwenda kutawadha.

Usinifanye mwongo.

Nduguyo,
Swafiya