Kiti Ambacho Sikukikalia

Mama mdogo mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Uliponituma dukani ili nikijaribu kile kiti cha ofisi unachotaka kumnunulia mama, nikuambie kama kinastahili bei yake, nilikujibu kwamba hakina tofauti na cha kawaida. Ukweli ni kwamba sikukikalia. Muuzaji aliniuliza, "Binti, nikusaidie?" Nikaona haya, nikasema namsubiri mtu. Nilisimama mlangoni kama mwavuli uliosahauliwa, kisha nikaondoka.

Huku hatujambo. Nimekuwa wa pili darasani. Mama bado anashonea kwenye stuli, ila sasa amejifunga mto mgongoni kwa mkanda. Juzi alishindwa kuinuka, akacheka: "Usimwambie mdogo wangu, atapanda basi leo hii." Nilicheka naye, huku nafsi ikinisuta.

Jana nilirudi dukani. Muuzaji alinikumbuka. "Mtu wako bado hajafika tu?" Nikamwambia hapakuwa na mtu, kiti ni cha mama yangu, fundi cherehani. Nilikaa nikasoma sura nzima ya kitabu, nikainuka bila hata kujinyoosha.

Nyumbani nilichukua futi yake ya kupimia nguo, nikampima kutoka nyuma ya goti hadi sakafuni.

"Kumbe leo nashonewa mimi?" akauliza.

Nikamweleza yote. Alimaliza pindo zima bila kuniangalia, kisha akasema, "Mwandikie mwenyewe."

Kinastahili, mama mdogo. Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii.

Mwanao niliyekudanganya