Mtoto wa Sanduku Hulazwa Kifudifudi

Jumapili, 20 Aprili

Tumehama tena. Jukwaa limeziba nusu ya barabara. Mbele hekalu, nyuma karakana ya pikipiki. Nyundo mchana kutwa! Mwanangu Hin hakulala hata kidogo. Jino la pili linatoka. Ananing'ata mpaka machozi yananitoka, kisha ananicheka usoni. Hajafika mwaka na tayari ni mwigizaji.

Mchezo wa alasiri nimepanda kifua kimejaa, na katikati ya wimbo wa harusi maziwa yakalowesha vazi jekundu. Doa kubwa, mbele za watu. Kaka In akaliona. Hakunikonyeza wala nini. Alisogea, akafungua upepeo wake, akausimamisha mbele ya kifua changu, akaimba beti zote zilizobaki hivyo hivyo. Watu wakadhani ni mahaba. Makofi!

Tunamwita Kaka lakini ni mwanamke kama mimi. Tuliletwa kwa Mama, mwenye kikundi, tukiwa wasichana wadogo, siku moja, kujifunza kuimba. Mama alitutazama miguu, akampa Tsai-in, ndiye huyu In, buti za kiume, mimi akanipa maua ya nywele. Basi. Yeye mume, mimi mke, kila siku ya mungu tangu hapo. Baadaye nikaolewa na Liong, mtoto wa Mama, anayeendesha lori letu na kufunga taa. Sasa Mama ni mkwe wangu pia, na bado ananigomba kama mwanafunzi.

Baada ya mchezo akaja mtu wa viatu vya kung'aa. Wa kikundi cha Taipei, wale wanaocheza ndani ya majumba ya maonyesho na kwenye televisheni. Anamtaka In. In kamwambia aje siku ya kuzaliwa kwa Mama Mazu, mungu wetu wa bahari, atampa jibu.

Bi Phang, mchekeshaji wetu, akapiga kelele toka kwenye sufuria ya tambi: Kaka akienda, nani atakuwa mume wa wanawake wa pwani hii yote? Mimi na kitambi hiki?

Tulicheka. In alicheka pia. Mimi nilikuwa na pini mdomoni.

Jumanne, 22 Aprili

Mama kanifuata kwenye beseni la nepi. Alichuchumaa kabisa, yeye na magoti yake. Nikajua ni neno zito.

— Mwambie abaki.

— Si umwambie wewe, Mama? Wewe ndiye uliyemfundisha.

— Mimi nikimwomba, atapima faida na hasara. Wewe ukimwomba, hatapima.

Nikakamua nepi. Akaendelea. Bila In hekalu gani litatuita? Wanakuja kumtazama yeye, si mapazia yetu. Huyo mjukuu wangu utamlisha mapazia?

Liong nilimwambia wakati anakunja nyaya. Usimwombe kama hutaki, akasema. Ila akienda tutauza lori, hilo ujue. Halafu akapanda nguzo. Mtu mwema. Hajawahi kuniuliza swali ambalo singeweza kumjibu, na sijui kama ni bahati au anajua.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua. Viti vyote vitupu. Tumemchezea mungu na mbwa mmoja, na mbwa akaondoka kabla ya onyesho la mtihani wa mfalme.

Kabla ya kupanda nilimfunga In kichwa kama siku zote. Kitambaa lazima kikazwe hadi macho yapande juu, ndipo uso uwe wa kiume.

— Kaza.

— Kitakuuma, Dada.

— Kaza, Tin. Kikilegea nitakuwa msichana.

Ilikuwa nafasi ya kumwomba abaki. Tulikuwa wawili tu, mvua inapiga turubai. Nikakaza.

Ijumaa, 25 Aprili

Siku mbaya. Spika moja imeungua katikati ya wimbo. Bi Phang kateleza ngazini, kifundo kimevimba kama embe. Hin ana homa. Nilikuwa juu, nimempakata mwanasesere, naimba bembelezi, na chini ya mbao nasikia mwanangu halisi analia. Unambembeleza wa mti na wa damu anakulilia! Pazia liliposhuka nilishuka mbio, nikafanya nilichofanya, sikumbuki hata vipi, nikamchukua Hin. Ana moto. Liong kaenda kutafuta dawa.

Jumamosi, 26 Aprili

Ni mimi. Mungu wangu, ni mimi.

Asubuhi Mama kafungua sanduku la mavazi kutoa mwanasesere. Sisi tunamwita Mwanamfalme. Jukwaani ni mtoto mchanga wa mtu yeyote, lakini kwenye sanduku ni mkubwa wetu sote, hata Mama humwamkia. Na ndani ya sanduku hulazwa kifudifudi, daima, asione njia akatoka kuzurura na kutufanyia utundu. Mtoto wa kikundi hulijua hilo kabla ya kujua kutembea.

Leo Mwanamfalme alikuwa amelala chali. Anamtazama Mama, anatabasamu.

Kila mtu akawaza spika, kifundo cha Bi Phang, homa ya mwanangu.

— Nani?

Nikakumbuka mikono yangu. Nilimlaza kama ninavyomlaza Hin. Nilimfunika. Nadhani nilimpigapiga kifuani. Nikafungua mdomo, Hin mgongoni ananilia sikioni—

— Mimi, Mama, akasema In.

In! Yeye ambaye hagusi sanduku lile, mavazi yake ya kiume yana sanduku lake. Wote wanajua.

Adhabu ni ya zamani. Unapiga magoti mbele ya Mwanamfalme, kijiti cha udi mikononi, mpaka kiteketee, wote wanakutazama. Na siku hiyo huvai taji. In alipiga magoti kwenye mbao zenye misumari. Majivu yakamdondokea vidoleni, hakuyapukuta. Alasiri akatoka kama askari wa kushika bendera, nyuma kabisa, na nafasi yake ya msomi ikachezwa na msichana wa kujifunza anayesahau mikono yake. Kina mama wa mbele wakaanza: Kaka wetu yuko wapi? Mbona mnamficha? Mmoja akamwona chini ya bendera akaanza kulia, na koni ya aiskrimu mkononi.

Nilimshika In nyuma ya pazia. Kwa nini, Dada? Akashangaa, kama nimeuliza jambo la kipuuzi.

— Ungepigaje magoti na mtoto mgongoni?

Basi. Akaenda kuvua bendera.

Sikuweza kukaa nalo. Nikamwendea Mama, nikasema ni mimi, nipige magoti sasa. Alikuwa anashona shanga.

— Najua. Unadhani sikuona alivyofunikwa? Ni mama tu anayemfunika mwanasesere hadi kidevuni.

— Sasa mbona ulimwacha?

Akakata uzi kwa meno.

— Ili uone. Mtu aliyekupigia magoti hatakataa ukimwomba abaki.

Ningekuwa na kitu mkononi ningekitupa. Nilikuwa na Hin.

Jumatatu, 28 Aprili

Homa ya Hin imeshuka. Kala uji wa viazi vitamu, nusu umeingia masikioni.

Tulikwenda sokoni, mimi, In na Hin. In kambeba mabegani, suruali yake ile, nywele fupi. Muuza kofia akasema: Kijana kachukua uso wa baba yake! In akacheka mpaka akashikilia meza. Akacheka njia nzima, hadi kwenye kona ya hekalu. Kisha hakucheka tena.

— Tin. Wewe unaonaje, niende?

Hin alikuwa anamvuta sikio.

— Tungemnunulia kofia, nikasema.

— Ndiyo, akasema. Jua kali.

Akarudi peke yake akainunua. Ya njano. Kubwa mno, itamfaa mwakani.

Kuna neno sitaliandika hata humu. Nikiliandika nitalisoma.

Jumanne, 29 Aprili

Simwombi. Ningemwomba kwa ajili yangu, na Mama angedhani ni kwa ajili ya kikundi, na In angejua ni kwa ajili ya nini, na angebaki. Angebaki kwenye barabara hizi, mvua na mbwa, mpaka sauti iishe. Ndiyo maana simwombi. Nimeamua. Nepi hazijakauka.

Alhamisi, 1 Mei

Siku ya Mama Mazu. Naandika chini ya jukwaa, rangi bado usoni, Hin ananyonya upande mmoja. Alasiri imekwisha, jioni bado. Niandike upesi.

Asubuhi Mama alitupa hadithi kama kawaida. Sisi hatuna maandishi. Yeye anatuambia njia tu, maneno kila mtu anayatafuta mwenyewe akiwa juu, na mwenzake ayadake. Leo: msomi maskini anaitwa mtihani wa mfalme. Mke na mtoto mchanga wanamsindikiza. Alasiri inaishia hapo. Jioni mama mkwe anamtesa mke (Bi Phang: Mama, hapo huhitaji mazoezi!), msomi anarudi ofisa, wanakutana. Hadithi tumeicheza mara chungu nzima. Ningeicheza usingizini.

Barabara ilijaa mpaka karakana. Mtu wa viatu vya kung'aa alisimama kando, gari lake linang'aa vilevile.

Tulifika kwenye kuagana. Nimempakata Mwanamfalme, mwavuli wa msomi mkononi. Msomi huimba juu ya mlima, mto, upepo, anachukua mwavuli, anakwenda. In akaimba mlima. Akaimba mto. Upepo hakuuimba. Akanigeukia mimi, si watu, na akaimba taratibu:

Mke wangu, sema neno moja. Sema nibaki, na buti hizi nazivua hapa hapa.

Hilo halimo! Msomi akibaki hakuna jioni, hakuna mchezo! Vijiti vya mpiga ngoma vikasimama hewani. Pembeni ya pazia niliona jicho la Mama, na kidevu chake kikiniashiria: sema. Sema! Na mbele, bibi mmoja kwenye kiti cha plastiki akapaza sauti: Mwambie abaki, wewe msichana, usiwe mjinga! Wote wakacheka. In hakucheka. Jasho lilikuwa limemtoboa rangi. Alikuwa anangoja kweli.

Sijui niliyatoa wapi. Niliimba:

Mti uliopandwa chunguni mizizi hujizunguka yenyewe. Nenda penye ardhi. Mimi na mtoto tutakunywa uji, na jina lako litatushibisha.

Nikampa mwavuli.

Hakuuchukua mara moja. Alimchukua kwanza Mwanamfalme. Alimtazama, akamgeuza, akamlaza begani kwangu kifudifudi, polepole, akamshika mgongo.

— Asizurure, akasema. Hakuimba. Alisema tu, lakini mikrofoni ilichukua.

Kisha mwavuli. Kisha akaenda. Kina mama walilia kama msibani, wakarusha mashada.

Nyuma Mama alinikamata mkono, kucha zote.

— Nilikwambia umwombe, wewe umemfukuza! Mbele ya mungu na watu!

— Nimefuata hadithi yako, Mama. Msomi huenda.

Akaniachia. Sijawahi kumjibu hivyo. Akaonekana mzee ghafla, nikamhurumia, lakini sikurudisha neno langu. Liong alikuwa juu ya ngazi na balbu mkononi. Alisikia yote. Alishuka, akaniletea bakuli la tambi, akaliweka chini karibu nami, akampangusa Hin pua. Akarudi kwenye taa zake.

In alivuka barabara na buti zake na uso wake wa rangi, kumfuata yule mtu, aliyekuwa anakula chaza na mayai kwenye kibanda. Walizungumza. Fataki za hekalu zilikuwa zinalipuka, sikusikia hata silabi. Yule mtu akatikisa kichwa. Kukubali au kusikitika? Kwa mbali vinafanana. Akatazama saa. Gari bado lipo.

Na kuna jioni. Nilisahau kuna jioni! Msomi anarudi. Na akirudi, katika hadithi ya Mama, kabla ya kumkumbatia mkewe humuuliza: siku ile ya mwavuli, moyoni mwako, ulitaka niende?

Mke hujibu. Maneno ni yetu wenyewe.

Fataki zimenyamaza. Hin kalala. Mwanamfalme nimemrudisha sandukuni, nimehakikisha, nimegusa kisogo chake. Kofia ya njano iko juu ya kifuniko.

Buti ngazini. Ni zake, nazijua, la kushoto huburuta.

Kaisogeza kofia. Kakaa juu ya sanduku, kanipa mgongo, kanyoosha kitambaa cha kichwa nyuma ya bega bila kugeuka. Mama kasimama kwenye ngazi, hapandi, hashuki. Juu wameanza kupiga ngoma ya kuita watu.

— Tin. Kaza.

Kufunga kunataka mikono miwili, kalamu naiweka—