Kuku Aliyekuwa Anaatamia

Baluku mjukuu wangu,

Salamu kutoka Bwera. Kikohozi cha babu yako kimepungua, kahawa inaiva. Uliuliza mtu anajuaje kwamba kijana anawaza kujiua. Swali hilo nimelala nalo.

Nilipokuwa msichana kule Bugoye, rafiki yangu Masika alifiwa na baba, kisha akatolewa shule. Hakulia. Alianza kugawa vitu vyake, nasi tukamsifu kwa ukarimu. Siku aliponiletea kuku wake anayeatamia, na mayai yake kapuni, mama yangu aliacha kumenya matoke. Kwetu hakuna anayetoa kuku aliye juu ya mayai, unangoja vifaranga.

"Mutoto yangu, unataka kufa?" akamuuliza waziwazi.

Niliogopa kwamba swali litamtia wazo. Kumbe lilimfungua. Alilia, akasema yote, na mama hakumwacha peke yake. Ndiye Bibi Masika anayekupa mayai kila ukija.

Mpaka leo najiuliza, ni wangapi tuliowasifu tu?

Mama yako ameniambia umegawa redio yako, na viatu vya mpira pia. Baluku, unataka kufa? Mjomba wako aliyekuletea barua hii ataketi nawe. Hana haraka.

Bibi yako