Vifungo vya Bibi Keturah

Whitby, 30 Oktoba 2000

Mwanangu Corinne,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Leeds. Mimi sijambo isipokuwa goti, na Mungu bado ananivumilia. Anwani nimeitoa kwenye kadi zako za Krismasi, zile unazoandika jina na anwani tu. Miaka kumi na sita nimezipanga juu ya meko, sikujibu hata moja. Sikuwa na uso.

Mji wetu umejaa magothi, wale wa kuvaa nyeusi tupu, watu wa mtindo wako. Siku hizi wanakuja kila vuli, nasi akina mama wa kanisa tunawauzia chai na keki ukumbini. Usicheke. Jana binti mmoja alichanika pindo nikamshonea. Mimi nilitegemea zile soksi za nyavu zilizochanwa, pini kila mahali, na nywele zilizosimama kama ufagio, kama ulivyokuwa wewe. Kumbe amevaa mahameli mpaka chini, kola ya lesi, na kito cheusi cha pwani yetu kifuani. Nikamwambia, "Mwanangu, umevaa kama bibi yangu Keturah alipofiwa na mumewe." Akasema, "Asante, mama. Tangu nifike sijapata sifa kubwa kama hiyo."

Nikarudi nyumbani nikafungua sanduku nimtolee lile gauni la msiba la Keturah alione. Halimo. Imebaki karatasi na harufu ya dawa ya nondo. Ndipo nikakumbuka mlango wa kanisa, siku ya kumzika baba yako. Corinne, siku ile ulivaa nini?

Mama yako


Leeds, 14 Januari 2001

Mama, shikamoo.

Mimi mzima. Pole na goti. Barua yako nimekaa nayo tangu Novemba, naiweka, naichukua tena.

Nilivaa hilo. Nililitoa sandukuni baba alipozidiwa, nikalipunguza mikono na kiuno nikiwa nimekaa kitandani kwake, yeye akinishikia uzi. Alisema, "Afadhali wewe. Mama yako atanizika amevaa koti la dukani." Nilitaka mtu mmoja amvalie msiba kama walivyovaa watu wa zamani.

Wewe uliuona uso uliopakwa unga na midomo myeusi. Ukasema mbele ya wazee wa kanisa, "Kavue hayo madude ya kilabuni. Umemvalia baba yako kifo mwaka mzima mpaka kimemfikia." Wote pale mlangoni walivaa nyeusi, mama. Nikafukuzwa mimi peke yangu kwa sababu ya nyeusi.

Na mtindo ndiyo, umebadilika. Sisi tulichana nguo kwa wembe kwa kuwa hatukuwa na kitu kingine cha kuzifanya ziwe zetu. Waliotufuata wakapenda mahameli na makoseti ya kubana kiuno, wakawa wajane wasioolewa. Hawa wa sasa wanasuka mirija ya plastiki ya kijani kichwani, viatu vina soli kama matofali, na miwani ya fundi wa kuchomelea. Juzi mmoja wao ameniita shangazi. Nina miaka thelathini na minne, nafanya kazi maktaba, na nyeusi yangu siku hizi ni sweta.

Mwanao,
Corinne


Whitby, 22 Januari 2001

Mwanangu,

Sitauliza hali, maana sistahili kuambiwa.

Nilikudanganya. Sanduku sikulifungua Oktoba. Sijalifungua tangu mazishi, kwa kuwa nilijua ni tupu. Nilivitambua vifungo, Corinne. Vile kumi na viwili vya kito cheusi, nilivichezea utotoni nikikaa mapajani kwa Keturah. Nilipokushika mkono kukutoa mlangoni kimoja kilidondoka. Nikakiokota, nikakijua, nikainua macho. Ulikuwa bado hapo kwenye ngazi. Ningeweza kukuita.

Lakini wake za wazee walikuwa wananitazama, na maneno yalikwisha nitoka. Nikaona haya kuyarudisha. Nikaingia kuimba. Kifungo kiliniuma kiganjani nyimbo zote tatu.

Nimetubu kwa Mungu mara nyingi, na kila nikimaliza naona bado yuko pale ananingoja nikwambie wewe. Basi nimekwambia. Kifungo kimo kwenye kikasha cha sindano.

Mama yako


Leeds, 6 Agosti 2001

Mama,

Mimi mzima. Nilikasirika Januari mpaka Juni. Nilidhani hukujua, na hilo ndilo lililonifanya niandike zile kadi.

Ndani ya kifurushi kuna gauni. Halinitoshi tena. Kiuno changu sasa ni inchi thelathini na nne, kifua arobaini. Watu wa mtindo wangu, kama unavyowaita, wanakuja Oktoba, najua. Nami nikija nisingependa kuonekana shangazi.

Corinne


Whitby, 20 Agosti 2001

Mwanangu mpenzi,

Namshukuru Mungu kwa uzima wako na kwa hizo inchi zote.

Kiuno nimekifumua. Mishono yako ya mwaka ule nimeikuta, midogo na sawasawa, na uzi mmoja umepinda pale baba yako alipouachia. Huo sikuufumua. Kifungo cha kumi na mbili nimekirudisha mahali pake.

Pindo tu ndilo sijalishona. Pindo halipimwi kwa barua. Mwenye gauni husimama juu ya kiti cha jikoni, na mshonaji hupiga magoti mbele yake. Goti langu unalijua, lakini nitapiga.

Mama yako