Manowari Yako Haikuzama, Babu

Kwa mume mwenzangu, Babu,

Pokea salamu za moto, maana huku Doha hata maji ya bomba yanatoka yamechemka. Mimi ni mzima, nimenenepa, nimependeza. Mwambie Bibi akichoka nawe, nafasi yake kwangu bado ipo. Goti lako je? Na yale meno mawili, yangali yanavumiliana?

Sasa kaa vizuri. Binamu Kadzo anayekusomea asiruke hata mstari.

Miaka yote hii Mzee Charo amekuchokoza pale kwenye kibanda chake cha kahawa, eti manowari yenu ilizamishwa na nyambizi safari ileile uliyoachwa Kilindini ukiugua malaria, na kwamba malaria yako ilikuwa malaria ya woga. Ukaisusa kahawa yake mpaka leo. Basi mjukuu wako, huyuhuyu aliyekimbia shule kidato cha pili, ameumaliza ubishi.

Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, nilichimba bao kwenye mchanga nyuma ya kambi yetu ya wafanyakazi, nikacheza na Kato, Mganda tunayelinda naye hoteli kule West Bay. Nilikuwa namla mpaka anaona haya. Akapita Ramesh, Mhindi mmoja mtu mzima, fundi wa mitambo ya hoteli. Akasimama akivikodolea macho vile vishimo.

"Hii mimi nilikata na moto," akasema, kwa Kiarabu chetu cha kubabaisha.

"Umekata mchanga na moto, baba?" Kato akamcheka.

"Chuma, wewe! Meli ya vita, ya zamani. Chini kabisa, karibu na boila, meza ya chuma. Vishimo safu nne, nane nane. Sisi tulisema hapa walihesabia risasi!"

Babu, nilisahau hata zamu ilikuwa ya nani. Si wewe ulinisimulia jinsi nyinyi vijana wa boila mlivyogonga bao kwa nyundo kwenye meza ya chuma, mkicheza kwa nati, huku juu wenzenu wanaangusha mabomu baharini kuwinda nyambizi, mkisindikiza meli za mizigo hadi Kolombo? Nikamuuliza Ramesh, kete je, mlizikuta?

"Kete sijui. Nati moja ilikuwa shimoni, imeshikwa na kutu. Nilipiga, ikakataa kutoka."

Haya, umesikia? Haikuzama! Ramesh anasema ilimaliza vita, Waingereza wakaiuza India, ikapewa jina jingine, ikafundisha mabaharia wao mpaka ikazeeka. Mwisho yeye na wenzake wakaikata vipande huko Bombei, chuma kikayeyushwa kuwa nondo za kujengea. Najua hilo litakuuma. Lakini wale wenzako unaowaombea kila Jumapili, Babu, hawakwenda chini nayo.

Nisalimie Mama, na shangazi mshonaji, mwambie suruali aliyonishonea sasa inanibana. Kadzo naye asijifanye hakusoma pale pa Bibi.

Kesho vaa ile kofia yako ya ubaharia, nenda kwa Mzee Charo, agiza kahawa. Usimcheke sana, ni mzee mwenzako. Mwekee bao mezani, mwache aanze yeye. Halafu mfunge, kwa niaba ya meli.

Mimi mjukuu wako, na mume mwenza mwenye meno yote,

Katana