Maziwa Aliyonyweshwa Dina

Anti Theopista,

Kabla hujaniweka kwenye kundi la wenye shida, ujue unasoma barua ya mwanaume mwenye tumbo gumu kuliko yote mkoa mzima wa Katavi, mimi Mwandu wa Kawajense nakunywa lita tano za maziwa bila kushusha kidumu, nafuta mdomo, napanda bajaji yangu napiga kazi mpaka jioni, kuna abiria aliniambia kaka wewe ni ndama mwenye leseni. Leo tumbo hilo halipokei hata chai. Naogopa, Anti, na mimi si mtu wa kuogopa, au sikuwa.

Nina mchumba anaitwa Dina, wa Katumba, babu zake walitoka Burundi, wao ni watu wa jembe, mahindi na maharage, sisi ni Wasukuma wa ng'ombe, na nyumbani kwetu mkwe akija mara ya kwanza hapewi soda, anapewa kibuyu cha maziwa yaliyokamuliwa muda huo huo akimalize mbele ya wazee, akikimaliza ndio wanasema huyu, ng'ombe wamempokea. Jumapili iliyopita nikampeleka, mama akaleta kibuyu, kama lita nzima na povu juu, Dina akanywa kidogo akaniangalia, nikamtania, "Maliza bibi harusi, au unataka mahari ipungue?" watu wakacheka, baba naye akamwambia taratibu, "Kunywa, ng'wanawane, mwanangu, hapa ni kwenu," akanywa mpaka mwisho.

Haikupita saa moja tumbo lake likanguruma mpaka shangazi yangu Kabula akageuka kutafuta trekta, likajaa likawa kama ngoma, anakimbilia chooni, anarudi, anakimbia tena, jasho linamtoka, akanishika mkono akasema, "Mwandu, nirudishe nyumbani." Nikamrudisha. Nyuma shangazi akaanza, "Tumbo lile si la maziwa, lile lina mtu," mwingine akasema hapana, ng'ombe wamemkataa, na kesho yake asubuhi ndama wa yule ng'ombe aliyekamuliwa akakutwa amekufa. Ndama alikuwa anaharisha wiki nzima, wote tulimwona, ila sasa hivi hakuna anayekumbuka. Wameshapanga, Jumamosi wanakwenda Katumba na mganga kumuuliza Dina ametumwa na nani. Huko nako kaka yake Gervais anasema tulimpa sumu, eti akiiona bajaji yangu anaichoma na mimi nikiwa ndani.

Shule niliishia kidato cha pili, nakumbuka mwalimu alisema tumboni kuna vimeng'enya vinavyokata chakula, nikamuuliza kama vina mapanga, akanitoa nje, kwa hiyo iliyobaki sikuisikia. Anti, ni sumu? Ni mimba? Au kweli ng'ombe wanaweza kumkataa mtu?

Ila kuna kitu sijamwambia yeyote. Asubuhi ile tukiwa njiani Dina alinigusa bega akasema, "Maziwa hayanikubali tangu mdogo, nikinywa nusu kikombe tu naumwa, waambie wazee nisije nikakuaibisha." Nikamwambia nyamaza, ukisema hivyo nitachekwa mimi. Na mpaka leo shangazi anapomwita mchawi, mimi nimekaa pale pale, najua, na sijasema.

Mwandu, Kawajense

*

Mwandu,

Barua yako nimeipata Jumatano, nimepiga namba uliyoiandika hupokei, basi nakujibu kwa ujumbe wa simu.

Si sumu, na ng'ombe hawana kamati ya kupokea wakwe. Mimba siwezi kuipima kwa barua, lakini tumbo linalovimba saa moja baada ya maziwa halihitaji mtu ndani.

Angalau sasa umeuliza vizuri kuliko siku ile darasani. Chakula hakiwezi kuingia kwenye damu kikiwa vipande vikubwa. Vimeng'enya ndivyo vinavyokivunja, na kila kimoja kina kazi yake, hakigusi ya mwenzake. Tafuna ugali bila mboga, taratibu, utausikia unakuwa mtamu: kimeng'enya cha kwenye mate kimeshaanza kugeuza wanga kuwa sukari. Tumboni kipo cha nyama na maharage. Kwenye utumbo mwembamba kipo kinachovunja sukari ya maziwa, kinaitwa laktesi. Mtoto mchanga anacho tele, ila watu wengi sana wakikua kinapungua, na hilo si ugonjwa wala laana. Wewe huenda umekirithi kwa wafugaji wa kwenu kikabaki, kwa hiyo acha kujisifu kwa kitu ambacho hukukifanyia kazi.

Kwa Dina sukari ile haikuvunjwa. Ikateremka mpaka utumbo mpana, bakteria wakaichachusha, gesi ikajaa, maji yakavutwa, akakimbia chooni. Inatesa, lakini kwa kawaida inapita yenyewe. Mtindi wengi wa namna yake wanauvumilia kidogo, kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu ya sukari. Kuchemsha hakuiondoi sukari hiyo, ila myachemshe tu, kwa sababu maziwa mabichi yana magonjwa yake.

Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Umeniandikia ukiogopa kuchomewa bajaji. Mimi namwogopea Dina. Msichana akiitwa mchawi, neno hilo halibaki mdomoni mwa shangazi yako, linapata miguu na fimbo, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Ulimnyamazisha ili usichekwe. Ungechekwa siku moja tu, kijana.

Leo, si kesho, nenda kwa baba yako, mama na shangazi wakiwepo. Usianze na vimeng'enya. Anza na "Aliniambia, nikamnyamazisha." Kisha waambie ndama alikuwa mgonjwa. Wakikubisha, mlete mhudumu wa zahanati awaeleze. Wakishikilia safari, mpigie Dina asiwepo nyumbani Jumamosi, na utoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji na polisi, hata kama ni ndugu zako. Gervais mpigie simu pia, umweleze ukweli, matusi yake uyasikilize mpaka mwisho. Na kama Dina bado anaumwa, ana homa au anatoa damu, aende hospitali.

Msamaha uombe baada ya hayo yote, si kabla. Akikataa kurudi kwako, mwache. Lakini Jumamosi ikifika, huko kwenu ajulikane kama msichana aliyeumwa tumbo, basi.

Anti Theopista